Kipanya kimegoma kusogea kwenye FreeBSD, msaada wakuu

Kiazi Mbatata (#1)

Habari za jioni wakuu. Nimekuja na tatizo ambalo leo siku ya tatu linaninyima usingizi.

Nina desktop ya mtumba, Core i5 ya zamani, nimeichukua Kariakoo mwezi uliopita. Nikasema hii siweki Windows wala Ubuntu, naingia moja kwa moja FreeBSD nijifunze Unix yenyewe. Nimeweka 14.1, nikafuata maelekezo ya mtandaoni huku na kule, Xorg (ile X inayochora skrini) ikakubali, XFCE (madirisha na menyu) ikakubali, nikiandika startx inafunguka safi. Shida ni mausi. Mshale umesimama katikati ya skrini kama mlinzi wa benki. Hausogei hata kidogo.

Nilichokwisha jaribu: nimebadilisha tundu la USB, mbele na nyuma. Nimeazima mausi nyingine, hali ni ileile. Yangu nimeenda kuichomeka kwenye kompyuta ya stationery hapa mtaani, inafanya kazi vizuri tu. Taa nyekundu ya chini inawaka. Kibodi haina neno, naandika, Alt+F2 inafungua programu.

Kuna na kingine kidogo: nikitoka XFCE kioo kinabaki cheusi mpaka nizime kwa kitufe. Ila hilo nimelizoea, nisaidieni mausi kwanza.

Chapati Ngumu (#2)

Nimefungua uzi mbio nikidhani vipanya vya Mbagala, zile daladala ndogo, vimegoma, kesho nina usaili asubuhi. Kumbe ni mausi. Pole mkuu, ngoja waje wenye fani. Mimi nakaa hapa na kahawa yangu.

mwana_Mvita (#3)

Nafuatilia. Mimi yangu ni laptop yenye Linux Mint, touchpad ndiyo imekufa baada ya kufunga kifuniko usiku. Nikiwasha asubuhi hakuna kitu. Sijui kama ni ugonjwa mmoja.

Shangazi_root (#4)

Kiazi, kabla hujagusa faili lolote, tujue kwanza mausi imepotelea kituo gani. Safari yake ina vituo vinne: waya na umeme, kerneli (kiini cha mfumo), faili za matukio ndani ya /dev/input, halafu X. Taa kuwaka ni kituo cha kwanza tu, maana yake inapata umeme. Haina maana kwamba kuna mtu anaisikiliza.

Fungua terminali kwa Alt+F2, uniletee majibu ya hizi:

    dmesg | grep ums
    usbconfig
    ls -l /dev/input
    grep -i -e "(EE)" -e mouse /var/log/Xorg.0.log
    xinput list

Usifupishe wala usiandike "iko sawa". Leta kama ilivyo.

mwana_Mvita, yako ni nyingine, ila jaribu hii kabla hujaanza kuzunguka kwa mafundi:

    sudo modprobe -r psmouse
    sudo modprobe psmouse

Hapo unaitoa draiva na kuirudisha. Touchpad ikiamka, basi ni ile shida ya kutoamka vizuri kutoka usingizini. Isipoamka, angalia dmesg kama yako ni ya i2c (njia nyingine ya kuunganisha touchpad), maana hizo hazipiti psmouse kabisa.

Mtaalamu Kishoka (#5)

Hii rahisi sana wakuu, mnamzungusha bure. Mkuu Kiazi, tengeneza faili /etc/X11/xorg.conf uweke hivi, utakuja kunishukuru:

    Section "ServerFlags"
        Option "AutoAddDevices" "Off"
    EndSection

    Section "InputDevice"
        Identifier "Mouse0"
        Driver     "mouse"
        Option     "Protocol" "auto"
        Option     "Device"   "/dev/sysmouse"
    EndSection

Na kwenye rc.conf (faili la kuwashia huduma) ongeza hald_enable="YES". Nimelitumia hili zaidi ya mara moja.

Kiazi Mbatata (#6)

Wakuu naandikia kwenye simu. Nimefanya ya Mtaalamu Kishoka, sasa kibodi nayo imekufa. XFCE inafunguka, natazama ukuta wa panya wa XFCE, na yule panya ananitazama. Siwezi kuandika, siwezi kutoka. Ctrl+Alt+F1 haina habari. Na hald inasema haipo.

Chapati Ngumu (#7)

😂😂😂 Ulikuwa na mgonjwa mmoja, sasa una wawili. Naongeza kahawa.

Shangazi_root (#8)

Nilisema kabla hujagusa faili lolote.

Kishoka, sikusemi vibaya mwanangu, ulichoandika kilikuwa sahihi kwa wakati wake. Miaka ya 2009 hivi X ilipoanza kutegemea hald kutafuta kibodi na mausi, watu wengi walibaki na skrini iliyoganda, na AutoAddDevices Off ndiyo iliyokuwa dawa. Sasa hald imeshazikwa. Ukizima AutoAddDevices leo unaiambia X isiokote kifaa chochote chenyewe, cha mausi na cha kibodi. Inabaki kutafuta draiva za kale zinazoitwa mouse na kbd, na kama hazimo kwenye mashine ndiyo hivyo, panya anakutazama.

Kiazi, sshd (mlango wa kuingia kwenye mashine kutoka kifaa kingine) uliiwasha wakati unaweka mfumo? Na intaneti unaipataje?

Kiazi Mbatata (#9)

sshd niliitia tiki wakati wa kuweka. Intaneti natumia bando la simu, nimeunganisha simu kwa kebo ya USB, inatokea kama ue0.

Shangazi_root (#10)

Basi simu na mashine viko mtandao mmoja na umeshapona. Weka Termux (programu ya terminali) kwenye simu, kisha:

    pkg install openssh
    ssh jinalako@anwani_ya_mashine

Anwani utaipata kwa kubahatisha chache au kwa kuangalia kwenye simu yenyewe nani kaunganishwa. Ukiingia, su uwe root (mwenye mamlaka yote), halafu:

    mv /etc/X11/xorg.conf /root/
    pkill Xorg

Na ile ya hald kwenye rc.conf ifute. Shukuru unatumia startx. Ungekuwa na skrini ya kuingilia inayojiwasha yenyewe na huna ssh, ungeanza mashine, kwenye menyu ya mwanzo ubonyeze 2 uingie hali ya mtumiaji mmoja, mount -u / ndipo ufute. Inawezekana, ila inakera.

Kiazi Mbatata (#11)

Shangazi Mungu akupe maisha marefu. Sikujua simu inaweza kuingia ndani ya kompyuta namna hiyo. Kibodi imerudi. Na zile ulizoomba hizi hapa.

dmesg:

    ums0: <PixArt USB Optical Mouse, class 0/0, rev 2.00/1.00, addr 2> on usbus0
    ums0: 3 buttons and [XYZ] coordinates ID=0

usbconfig ina mstari huu:

    ugen0.2: <PixArt USB Optical Mouse> at usbus0, cfg=0 md=HOST spd=LOW (1.5Mbps) pwr=ON (100mA)

/dev/input ina event0 mpaka event5. Kwenye logi ya X hakuna EE (kosa) hata moja inayohusu mausi, sanasana huu:

    (II) Using input driver 'libinput' for 'PixArt USB Optical Mouse'

xinput list inaionyesha PixArt, na nyingine inaitwa System mouse. Yaani inaonekana kila mahali. Mshale bado mlinzi wa benki. Sasa hapo ndipo nachanganyikiwa, mnasema ifuatwe kituo kwa kituo, mbona vituo vyote vinaitikia?

Babu Konsoli (#12)

Salaam wote. Nimechelewa, umeme ulikuwa umekatika.

Hii nimeipenda. Wengi wanaokuja humu mausi yao haipo kabisa kwenye dmesg, na hapo jibu huwa ni waya, tundu, au kile kipokezi cha mausi isiyo na waya kimechomekwa kando ya tundu la USB 3.0. Yale matundu ya bluu yakiwa na kazi hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, ndiyo yaleyale ya kipokezi. Ukikisogeza kwa kiwaya cha kurefushia inapona. Yako siyo hiyo.

Kuitikia jina si kufanya kazi. Mwanafunzi anaweza kuitika "nipo" kisha akalala darasa zima. Hebu tuone kama inatuma chochote. Usianze startx. Baki kwenye konsoli (skrini ya maandishi matupu), uwe root, andika:

    libinput debug-events

Kisha sogeza mausi, bofya, zungusha gurudumu. Halafu gonga kibodi kidogo.

Kiazi Mbatata (#13)

Babu, imeandika mistari sita ya DEVICE_ADDED mwanzoni, PixArt ikiwemo. Nikagonga kibodi, KEYBOARD_KEY zikamiminika. Nikasogeza mausi mpaka mkono ukachoka, kimya. Hakuna POINTER_MOTION hata moja. Kubofya nako kimya.

Babu Konsoli (#14)

Vizuri. Sasa X tumeitoa mashitaka, haina kosa. Haijaletewa kitu cha kuonyesha. Tatizo liko kati ya ums0 (draiva ya mausi ndani ya kerneli) na /dev/input.

Hapohapo kwenye konsoli, jaribu:

    moused -p /dev/ums0 -t auto

Sogeza mausi. Kisha startx utuambie.

Kiazi Mbatata (#15)

BABU!!! Inatembea! Mshale unatembea! Nimefungua, nimefunga madirisha, nimecheza kama mtoto. Sasa nini kilikuwa kinaendelea? Na je, kila nikiwasha niandike hiyo?

Chapati Ngumu (#16)

Kahawa imeisha na mimi nimejifunza neno jipya. Hongereni.

Shangazi_root (#17)

Usishangilie, hiyo ni panadol. Homa imeshuka, malaria bado iko.

moused ni mhudumu anayesoma mausi na kuipitisha kwenye sysmouse, ambayo ndiyo ile System mouse uliyoiona kwenye xinput. Mausi za USB kwa kawaida mfumo humwita mhudumu huyo wenyewe ukichomeka tu. Yako hakuitwa, kwa hiyo kuna mahali umemfukuza. Lakini hata bila yeye, X ilitakiwa ipate mausi moja kwa moja kutoka kwenye ums0. Kwa hiyo milango miwili yote ilikuwa imefungwa, na moused ya babu imefungua mmoja.

Nataka hivi:

    sysctl kern.evdev.rcpt_mask
    grep moused /etc/rc.conf

Kiazi Mbatata (#18)

    kern.evdev.rcpt_mask: 3
    moused_nondefault_enable="NO"

Shangazi_root (#19)

Nimekupata.

Ngoja nieleze polepole maana hii inawaumiza watu wengi na logi haikwambii kitu. Hiyo rcpt_mask ni kama orodha ya wanaoruhusiwa kuongea kwenye /dev/input. Kila mmoja ana namba yake:

1 ni sysmouse, yaani mausi iliyopitia kwa moused.
2 ni kbdmux, yaani kibodi zote zilizounganishwa kuwa moja.
4 ni mausi yenyewe, chuma.
8 ni kibodi yenyewe, chuma.

Unajumlisha unaowataka. FreeBSD 14 inakuja na 12 tayari, yaani 4 na 8, vyuma vyote viwili vinaongea moja kwa moja na moused hahitajiki kwa X. Huko nyuma kabisa ilikuwa 3, yaani 1 na 2, kila kitu kinapita kwa wahudumu wa kati.

Wewe una 3. Kwa hiyo mausi yako ya chuma imezibwa mdomo. Faili lake la event lipo, jina lake lipo, libinput inaliokota, X inaandika kwenye logi kwa furaha kwamba imelipata, ila hakuna tukio hata moja linalopita. Mfumo haufuti faili la aliyezibwa mdomo, unalinyamazisha tu. Ndiyo maana vituo vyote viliitikia. Aliyeruhusiwa kusema ni sysmouse, na sysmouse haina cha kusema kwa sababu moused umemfukuza kwa ile moused_nondefault_enable. Kibodi yako ilikuwa nzima kwa sababu 2 imo ndani ya 3.

Sasa fanya hili, na X ikiwa wazi ili ulione kwa macho yako. Kwanza muue moused wa babu:

    pkill moused

Sogeza mausi uhakikishe imekufa tena. Halafu:

    sysctl kern.evdev.rcpt_mask=12

Usizime chochote. Sogeza tu.

Kiazi Mbatata (#20)

Nimebonyeza Enter na mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye mausi. Mshale umeruka palepale. Sikurestati, sikufunga X, hakuna. Shangazi nimekaa nikaangalia skrini kama dakika nzima.

Nimeenda kuangalia hizo mbili zilitoka wapi. Ile ya 3 iko kwenye /etc/sysctl.conf, nilinakili faili zima la mtu kwenye blogu moja ya zamani, alisema ni "mipangilio bora ya desktop". Ya moused nilitoa kwenye maelekezo mengine kabisa, mapya, yanasema siku hizi X haihitaji moused kwa hiyo uzime usipoteze kumbukumbu.

Babu Konsoli (#21)

Na wote wawili walisema kweli. Wa kwanza enzi zake 3 na moused vilikwenda pamoja. Wa pili kwake ni 12 bila moused. Umechukua mguu wa kuku mmoja na bawa la mwingine.

Futa ule mstari kwenye sysctl.conf kabisa, 12 ndiyo chaguo la mfumo, huna haja ya kuiandika. Moused muache au mrudishe, ni hiari yako. Mimi namrudisha kwa sababu nanakili maandishi kwenye konsoli kwa mausi, siwezi kuishi bila hilo.

Mtaalamu Kishoka (#22)

Nakubali nilikosea wakuu, ile niliitoa kwenye daftari langu la zamani. Ila swali la kujifunza: kwa nini asiweke 15 waongee wote, tumalize ubishi?

Shangazi_root (#23)

Swali zuri. Ukiweka 15 na moused yuko kazini, kila msogeo unaletwa mara mbili, mara moja na chuma na mara ya pili na sysmouse. Mshale unakimbia maradufu, unalenga kitufe cha kufunga dirisha unajikuta ukutani. Nimeshawahi kukaa jioni nzima napunguza kasi ya mausi kwenye mipangilio ya XFCE bila kujua ninapigana na mausi mbili zilizo ndani ya moja.

Kuna namba nyingine utaiona watu wakiipa sifa, 6. Hiyo ni 4 na 2, mausi ya chuma na kibodi za pamoja. Inasaidia pale vitufe vya mishale vinapoanza kufanya vituko ndani ya X. Vikiwa sawa, usiiguse.

mwana_Mvita (#24)

Shangazi shukran sana, modprobe imeikubalisha touchpad yangu. Nimeweka amri hizo mbili kwenye skripti ya kuamkia. Kaka Kiazi, nawe siku nyingine ukikwama bila mausi, jaribu hii, ilinisaidia huku kwangu:

    setxkbmap -option keypad:pointerkeys

Kisha Shift na NumLock. Namba za pembeni ya kibodi zinakuwa mausi, 4 kushoto, 6 kulia, 5 ndiyo kubofya. Polepole kama punda wa Lamu, lakini unafika.

Kiazi Mbatata (#25)

Hiyo ningeijua juzi nisingekuwa na hizi siku tatu. Asanteni wote. Shangazi, kabla sijafunga uzi, hebu niangalizie na haya mengine niliyonakili kwa yule jamaa wa blogu, nisije kulipuka tena. Hii ni /boot/loader.conf yangu yote:

    kern.vty=sc
    autoboot_delay="3"

Shangazi_root (#26)

Hiyo ya pili haina neno.

Ya kwanza, hebu nikumbushe, si wewe uliyesema mwanzoni ukitoka XFCE kioo kinabaki cheusi mpaka uzime kwa kitufe? Na ukasema umelizoea?

Kiazi Mbatata (#27)

Ndiyo mimi shangazi.

Shangazi_root (#28)

Hiyo sc ni konsoli ya kale, haijui kuelewana na draiva za kisasa za picha. X ikishachukua kioo, sc haiwezi kukirudisha. Futa mstari huo, mfumo utarudi wenyewe kwenye vt, konsoli mpya, washa upya. Kioo kikiendelea kuwa cheusi fungua uzi mwingine, huu umeshajaa. Na hilo faili la sysctl.conf la yule jamaa lilete lote, mstari kwa mstari.